Rimoti Yangu na Taa ya Mzee wa Reli

Jumanne, 4 Juni

Hata kipenzi changu alikubali mwishowe kwamba balbu ya chumba chetu ilikuwa inatuua. Balbu moja, kali, katikati ya dari. Inamulika kitanda, jiko, beseni la vyombo na kochi la harusi tulilolisimamisha wima nyuma ya mlango kwa kukosa pa kulilaza. Mapenzi hayastawi kwenye mwanga wa chumba cha upasuaji. Nilimwambia hivyo mke wangu. (Mke wangu. Bado nikiliandika neno hilo kalamu inateleza.) Alisema mapenzi yetu yalianza kwenye foleni ya mkate, mchana kweupe, kwa hiyo balbu isisingiziwe. Lakini alicheka. Akicheka hufunika mdomo kwa kiganja, na kiganja kina unga wa kiwanda cha mikate anakofanya kazi, na unga unabaki puani. Naishi kwa ajili ya unga ule.

Leo nimeleta suluhisho. Dukani kwetu zimeingia swichi za kupunguza mwanga, zenye rimoti. Unabonyeza chini, taa inafifia. Unabonyeza juu, inarudi. Hujainuka kitandani. Mkono wa pili umebaki ulipokuwa. Mwenzangu wa kaunta, tunayemwita Fyuzi kwa sababu huungua upesi, aliuliza kama nimesoma karatasi ya maelezo. Nilimjibu kwamba mtu aliyemaliza sekondari hafundishwi na boksi. Akasema haya, Bwana Harusi, ukiwaka utatuambia. Wivu mtupu. Yeye analala chumba kimoja na kaka yake.

Nimeifunga mwenyewe. Nilirushwa na umeme kidogo tu. Jioni nikashusha taa polepole hadi ikawa rangi ya asali. Uso wake kwenye mwanga ule! Sina maneno, na daftari nalo ni dogo.

Ndipo Mzee wa Reli akakohoa upande wa pili wa ukuta. Hukohoa wakati huohuo hasa.

Nyumba hii ilikuwa moja. Mama mwenye nyumba akaigawa kwa ukuta wa mbao ambao haufiki darini. Sisi tumepata chumba kimoja na kona ya kupikia. Mzee ana sebule, chumba cha kulala na upenu wa vioo unaotazama reli isiyotumika tena. Vyote hivyo vya mtu mmoja, mgane, tena mstaafu. Mwanawe, mhasibu, anaishi mji mwingine na kila mara anamsihi ahamie kwake. Mzee hataki. Anasema marehemu mkewe anaijua nyumba hii tu. Mama mwenye nyumba ameniahidi kwamba siku mzee akiondoka, ukuta unavunjwa na nyumba nzima inakuwa yetu. Namwona kipenzi changu kwenye ule upenu, taa imefifia, kochi limelala chini kama makochi mengine.

Mke wangu anasema tunatosha hapa tulipo. Ni mnyenyekevu mno. Lazima mmoja wetu awe na ndoto.


Alhamisi, 6 Juni

Hatua ya kwanza: kupendwa na mama mwenye nyumba. Nimemfungia mzee swichi kama yetu sebuleni kwake, bure, mama mwenye nyumba akiwa amesimama mlangoni anatazama. Mzee alinishikia ngazi. Mikono yake haitikisiki hata chembe. Alisema rimoti nibaki nayo, vidole vyake vinajua swichi ilipo ukutani. Mama mwenye nyumba aliniita mwanangu. Nikajiona nusu ya nyumba nimeshaipata.

Jioni nikabonyeza chini kwa ajili ya mahaba. Taa yetu ikafifia. Kwenye uwazi wa juu ya ukuta, mwanga wa mzee nao ukafifia. Nikabonyeza juu kwa haraka. Wetu ukapanda, wake ukapanda. Kumbe swichi zote za katoni ile husikia rimoti moja mpaka uzitenganishe. Nadhani hilo ndilo lililoandikwa kwenye karatasi.

Mke wangu alikuwa akisuka nywele, macho chini, hakuona. Nilisubiri mzee agonge ukuta kwa hasira. Hakugonga. Nikamsikia akisema, taratibu kabisa, kama mtu anayejibu mtu chumbani: "Naam, bibi. Nimeona."

Nikasikia sahani zinatolewa kabatini.


Jumamosi, 8 Juni

Kipenzi changu humpelekea mzee mikate iliyovunjika, ile isiyouzika. Leo alikaa huko muda mrefu, akarudi macho yamelowa. Alinisimulia akiwa ameegemea bega langu, kwa hiyo sikutikisika.

Mzee alikuwa mwonyesha ishara wa reli. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kibanda ng'ambo ya njia za treni, na kutoka kibandani aliliona dirisha la upenu huu huu. Mkewe alimpa habari kwa taa ya mafuta, kwa kuuzungusha utambi. Taa ikishuka na kupanda mara moja, chakula tayari. Mara mbili, tuna mgeni. Ikishuka polepole na kubaki chini bila kupanda, funga kazi, njoo nilipo. Na yeye alimjibu kwa taa yake ya kazini. Wafanyakazi wenzake walimtania kwamba ndiye mtu pekee katika reli nzima anayepokea amri kutoka jikoni. Hakujali. Hakuwahi kuidharau ishara, iwe ya treni au ya mkewe. Anasema mwonyesha ishara hahoji taa. Akiihoji, watu wanakufa.

Basi, Alhamisi jioni taa ya sebuleni ilishuka na kupanda mara moja. Yenyewe, hakuna aliyeigusa. Mzee alitandika meza, sahani mbili, akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Mke wangu aliuliza, si ajabu hiyo? Nikasema ni ajabu.

Nilikuwa karibu sana kumwambia. Lakini kichwa chake kilikuwa begani kwangu, na alisema hivi ndivyo anavyotaka sisi tupendane, mpaka taa zituelewe. Mume gani angeharibu saa kama ile kwa habari za katoni?


Jumatatu, 10 Juni

Naandika haya kama mtu wa sayansi. Nimejaribu tena, jioni tatu mfululizo. Mara moja: mzee anakwenda kula, na akila hakohoi. Faida kubwa kwetu. Mara mbili: anafagia, anabadilisha shati, anakaa karibu na mlango. Jana alikaa hivyo muda mrefu mpaka nikaona haya kidogo. Nikamtuma mke wangu kwa mzee akaazime kitunguu. Mzee alimfungulia kabla hajabisha na kusema, "Karibu binti, niliambiwa unakuja." Kipenzi alirudi anang'aa. Kitunguu alikisahau.

Kila mtu anafurahi. Mzee amenyoa ndevu. Anapiga mluzi. Mke wangu anasema uso wake umerudi.

Tatizo ni moja, na ni kubwa. Leo mwanawe amempigia simu, na sauti ya mzee inapita ukuta. Alimwambia asahau kabisa habari za kuhama. Nihamie wapi, alisema, na mama yako amerudi? Kisha mhasibu akampigia mama mwenye nyumba kuuliza kama baba yake amechanganyikiwa. Mama mwenye nyumba akasema hapana, yuko safi kuliko alivyokuwa, na yeye kwa upande wake hamwoni akiondoka tena, labda abebwe.

Yaani nimemfunga mzee kwenye nyumba ninayoitaka. Kwa mkono wangu mwenyewe, na bure.

Fyuzi aliuliza kwa nini nimenuna kama betri iliyovuja. Nikamwambia mambo ya ndoa. Akasema alijua tu, mwanga hafifu huficha mengi kwa siku chache.


Jumatano, 12 Juni

Nimepata! Jibu lilikuwa begani kwangu tangu Jumamosi. Funga kazi. Kuna ishara nzima ya kumwambia mtu afunge kazi, na mzee hahoji taa. Nani amwambie aondoke kwa upole zaidi kuliko mkewe mwenyewe? Si kumfukuza. Ni kumruhusu. Nikajiona mtu mwema sana.

Kipenzi alikuwa zamu ya jioni kiwandani. Nilizima redio, nikakaa kitandani, nikabonyeza chini na kushikilia. Taa ikashuka polepole. Sikupandisha. Nikabaki gizani na macho yangu kwenye ule uwazi wa juu.

Kisha mzee akauliza, sauti ndogo, "Una hakika, bibi?"

Sikubonyeza kitu.

"Mapema hivi?"

Kidole kilitaka kusogea, nakiri. Nikakikalia.

Kisha nikamsikia akicheka. Kicheko cha kijana, cha mtu aliyeitwa na msichana. Akasema, "Haya, naja. Niache nijiandae tu, usinione mchafu."

Nilipiga ngumi hewani. Mke wangu aliporudi alinikuta nikipima kochi kwa kamba. Aliuliza nafanya nini. Nikamwambia ninaota. Akanibusu kwenye paji la uso akiwa na harufu ya mkate wa moto, akalala mara moja kwa uchovu. Nilimtazama akilala. Nikamwahidi upenu kimoyomoyo.


Ijumaa, 14 Juni

Dalili njema kila upande. Mzee anagawa vitu. Sufuria kubwa kampa mama mwenye nyumba. Redio kampa mke wangu, na barakoa ya kuchomelea vyuma, ambayo hatujui alikuwa nayo ya nini, kanipa mimi, akanishika bega na kusema nimtunze binti yule. Nikasema bila shaka. Koti lake la kazini, lenye vifungo vya shaba, limefuliwa na kupigwa pasi, linaning'inia kwenye upenu.

Mke wangu peke yake ndiye hana raha. Alimwuliza mzee atasafiri na basi gani kwenda kwa mwanawe. Mzee alitabasamu na kusema safari hii haina basi. Nikamweleza kipenzi kwamba maana yake ni dhahiri, mwanawe atamfuata na gari. Akasema mkate wa jana ameukuta mezani, haujaguswa, na mzee amemwambia atakula huko huko anakokwenda. Nikasema ndivyo watu wanavyofanya, mtu haanzi safari na tumbo limejaa. Aliniangalia kidogo. Ana macho mazuri hata akiwa na mashaka. Hasa akiwa na mashaka.

Nimemwambia Fyuzi kwamba wiki ijayo nitakuwa na upenu wa vioo. Akauliza mzee anakwenda wapi. Nikasema kwa mwanawe. Akauliza mwanawe anajua? Swali la kijinga. Nikajifanya nahudumia mteja.


Jumapili, 16 Juni

Naandika kwa shida.

Asubuhi mke wangu alikwenda kumjulia hali mzee, akarudi mbio bila kiatu kimoja. Mlango wa mzee ulikuwa wazi. Yeye alikuwa kwenye kochi lake la sebuleni, chali, koti limefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu vimepakwa rangi, mikono kifuani. Taa juu yake imefifia vilevile, kwa sababu hakumruhusu mtu aipandishe, na mimi tangu Jumatano nilikuwa nimewasha mshumaa kwetu na kumwambia kipenzi ni mahaba. Midomo imekauka na kupasuka. Hajala, hajanywa. Alimwambia mke wangu kwa sauti ya karatasi asimchelewashe. Mkewe amemwita. Amesema funga kazi, njoo nilipo.

Njoo nilipo. Mimi nilikuwa nimesikia nusu ya kwanza tu, ile ya kufunga kazi.

Mke wangu alirudi kwa mzee na maji na kijiko. Mimi nilibaki na rimoti. Nikawaza, ishara inaweza kufutwa. Nikabonyeza juu. Halafu nikakumbuka kwamba kupanda peke yake sijui kuna maana gani, nikashusha. Labda mara moja, ya chakula. Kidole kikateleza, ikawa mara mbili, ya mgeni. Nikapandisha. Nikashusha. Jasho linaingia machoni. Nikamsikia mzee upande wa pili akijaribu kuinuka na kusema, kwa uoga ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mzima, "Amekasirika. Nimemchelewesha, amekasirika."

Kisha nyayo. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alitazama balbu yetu, ikipanda na kushuka. Akatazama mkono wangu.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Tangu lini?"

Nilisema tangu Alhamisi ile, na mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya.

"Na ya Jumatano?"

Nikasema ile ilikuwa kwa ajili yetu. Nikaonyesha kochi. Sijui kwa nini nilionyesha kochi.

Alilitazama kochi muda mrefu, limesimama nyuma ya mlango. Kisha akachukua rimoti mkononi mwangu, akatoa betri, akaziweka mezani moja moja, akarudi kwa mzee.

Mhasibu alifika mchana. Walimbeba kwenye blanketi, yeye na dereva wa gari la wagonjwa. Mama mwenye nyumba alisema labda abebwe, na kweli. Mzee alikuwa mwepesi kiasi kwamba dereva alikosea hatua, kama mtu aliyedhani kuna ngazi nyingine. Alipopitishwa mlangoni aligeuza kichwa kutazama taa. Imezimwa. Mke wangu alikuwa ameizima ukutani, kwa mkono.


Jumanne, 18 Juni

Mke wangu amekwenda kwa mama yake. Kupumzika kidogo. Amechukua nguo zake zote, lakini wanawake hubeba vingi.

Kabla ya kuondoka alikaa ukingoni mwa kitanda akaniambia habari zote, taratibu, kama anayemsomea mgonjwa maelezo ya dawa. Mzee amewekewa maji mshipani, ametolewa hospitali, yuko chumba cha nyuma kwa mwanawe. Uji anakubali vijiko viwili, kwa kulazimishwa. Ikifika jioni anaomba ageuziwe uso kwenye taa. Anasubiri aambiwe kama bado anatakiwa. Daktari amesema mwili hauna ugonjwa, na akiendelea hivyo hautahitaji ugonjwa.

Sharti la mke wangu ni moja. Niende kwa mzee, nikae mahali anapouona uso wangu, niseme: ishara zile zilitoka kwangu. Zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikasema atavunjika moyo. Akasema huenda. Akasema yeye mwenyewe hajui kama itamwokoa au itammaliza, lakini mtu hawezi kufa kwa amri ya mpangaji jirani akidhani ni ya mkewe. Nikifanya hivyo, atarudi, tutaongea. Nisipofanya, nisimfuate.

Nikamwuliza kama ananipenda bado. Alisema hilo ndilo linalomuumiza.

Ananipenda! Amesema kwa kinywa chake.

Mchana mama mwenye nyumba alinikabidhi ufunguo wa upande wa pili. Haniiti mwanangu tena, lakini chumba kitupu hakimlipi. Nimelilaza kochi kwenye upenu. Linaenea vizuri, na nafasi inabaki. Nimekaa juu yake jioni nzima. Kwenye dirisha kuna duara jeusi la moshi, juu ya kioo, mahali ambapo kwa miaka mingi mtu alishika taa. Nimelisugua. Halitoki.


Alhamisi, 20 Juni

Nimefikiri sana, na mapenzi yamenifungua akili.

Kipenzi changu anataka nini hasa? Anataka mzee ale. Ukweli ni njia tu, na tena njia mbaya. Nijiweke mahali pa mzee: umempoteza mkeo, amerudi, halafu anakuja kijana wa dukani anakuambia hakurudi. Huyo si mgane mara mbili? Siwezi kumfanyia mtu ukatili kama huo. Mke wangu ana moyo safi sana, hakuliona hili.

Basi. Leo nimechukua swichi nyingine dukani. Fyuzi aliuliza ya nini, nikasema ya mgonjwa. Hakutania. Aliinamia kaunta akasema, kaka, nenda kaongee na mtu huyo. Nikamwambia ndiko ninakokwenda. Sikudanganya.

Nitampigia mhasibu, nimwambie nataka kumfungia baba yake taa laini, isiyoumiza macho, kama pole yangu. Nani atakataa? Nitaifunga chumba cha nyuma. Nitakaa kitini mbele ya mzee, uso wangu anauona vizuri, kama nilivyoagizwa. Mkono mmoja kwenye goti, mwingine mfukoni penye rimoti. Mara moja, chini na juu: chakula tayari. Mzee hahoji taa. Atakula. Mhasibu atashangaa, atampigia mke wangu, amwambie mume wako alikuja, akakaa na baba, na baba amekula bakuli zima. Kipenzi atajua nimetimiza. Atarudi na masanduku yake. Nitamwonyesha upenu.

Ikiwa mzee ataendelea kuhitaji ishara kila jioni, basi nitafikiria namna. Mhasibu anaweza kushika rimoti. Au nitahamia karibu.

Nimemtumia mke wangu ujumbe: nitafanya ulichosema, mpenzi, tena kwa uzuri kuliko ulivyotarajia. Hajajibu. Nadhani analia kwa furaha, humtokea. Nimemtumia mwingine ili asikate tamaa: kabla mwezi haujaisha nitakuwa nimekwenda kumwona mzee, na siku hiyohiyo nitapita kwa mama kukuchukua.